Kuchora mandhari ya Kilimanjaro, Usambara na pwani ya Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kona ya kaskazini mashariki mwa Tanzania imebeba mengi ndani ya safari ya siku moja: mlima wenye barafu, nyika ya Same na Mkomazi, mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza, misitu ya Usambara, kisha mikoko na bahari kutoka Tanga hadi Pangani. Majibu yaliyo hapa ni ya wanaoanza kuchora nje, wanafunzi wa sanaa, na wale walionunua picha wakataka kujua namna ya kuitunza. Msimamo wetu ni mmoja na utauona kila mahali: picha ya mandhari iwe ya mahali fulani, saa fulani, majira fulani. Ikikosa hayo, inakuwa pambo tu.

Nianze na rangi za aina gani?

Akriliki. Inachanganywa kwa maji, haina harufu ya kuumiza kichwa, na picha ya asubuhi unaibeba mchana ikiwa kavu. Ubaya wake ni kukauka haraka mno, na kwenye jua la Same rangi hushika ngozi ndani ya dakika chache. Tumeeleza dawa yake huko chini.

Rangi za mafuta zinakupa muda wa kulainisha mawingu na kingo za milima, lakini picha hukaa siku kadhaa hadi wiki mbili kabla ya kugusika, kwa hiyo unahitaji sanduku la kubebea picha mbichi. Rangi za maji ni nyepesi kubeba na zinafaa sana kwa ukungu wa Usambara. Tatizo lake liko nyumbani, kwa sababu karatasi na unyevu wa pwani havipatani.

Je, rangi za enameli wanazotumia wachoraji wa Tingatinga zinafaa?

Kwa kazi ile zinafaa. Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kufika Dar es Salaam aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za enameli juu ya vipande vya bodi. Enameli hung'aa, haichanganyiki kwa ulaini, na hukaa kama ilivyomwagwa. Kwa mnyama mwenye mistari safi juu ya rangi moja, hizo ni sifa. Kwa kilima kilicho umbali wa kilomita 20 kinachofifia taratibu, ni vikwazo. Zaidi ya hapo, enameli hubadilika kuwa ya njano kadiri miaka inavyopita, hasa ile nyeupe, na anga lako litakuwa la kwanza kuonyesha.

Usiitumie kama tabaka la chini kisha ukapaka akriliki juu. Akriliki haishiki kwenye mng'ao ule, itabanduka vipande vipande.

Nahitaji rangi ngapi?

Saba zinatosha. Majina ya kwenye tyubu hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma namba ndogo iliyoandikwa nyuma. Hiyo ndiyo inayokwambia ndani kuna nini:

- nyeupe ya titani, PW6 (nunua tyubu kubwa, hii huisha mara tatu kabla ya nyingine)
- buluu ya ultramarini, PB29
- buluu ya thalo, PB15, kidogo sana kila mara
- manjano ya udongo, PY43 au PY42
- manjano angavu, PY74 au PY3
- kahawia nyekundu ya siena, PBr7 au PR101
- nyekundu ya waridi, PV19

Nyeusi iache kwanza. Ultramarini na siena kwa kiasi sawa hutoa giza zuri kuliko nyeusi ya tyubu, na unaweza kulivuta kuelekea ubaridi au joto upendavyo. Kwa wanaotumia rangi za mafuta: ukikuta tyubu nyeupe imeandikwa PW4, hiyo ni zinki, na tabaka lake huwa gumu na kuvunjika baada ya miaka. Iepuke kwenye anga. Nyekundu yenye PR83 nayo hupauka kwenye mwanga. Tafuta pia alama ya uimara kwenye mwanga: I ni bora, II inafaa, III na kuendelea usiuze.

Nichore juu ya nini kama kanvasi ya dukani ni ghali?

Kuna njia mbili nzuri.

Hadibodi ndiyo rahisi. Mwambie fundi akate vipande vya sentimita 30 kwa 40. Tumia upande laini. Ukwaruze kwa msasa namba 220 hadi mng'ao uondoke, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ukauke. Paka jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia uso, tabaka tatu nyembamba, la kwanza kwa mlalo, la pili kwa wima, la tatu kwa mlalo tena, kila moja likikauka kabisa. Kisha paka tabaka moja nyuma na kwenye kingo. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, ndiyo maana bodi zao hupinda zikifika Tanga: upande mmoja unanyonya unyevu, mwingine umefungwa.

Marekani, kile kitambaa cha pamba, ni njia ya pili. Chagua ile nzito, isiyopauka. Iloweke usiku mzima, ifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kimalize kurudi, kisha ikauke. Fremu iwe ya mbao kavu, na kingo za mbele zichongwe ziinamie ndani, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje pekee. Fremu isipochongwa hivyo, mstari wa mbao utajichora wenyewe kwenye picha yako, pande zote nne. Anza kupiga pini katikati ya kila upande, kwa stepla ya fundi sofa: juu, chini, kushoto, kulia. Halafu endelea kuelekea pembeni kwa kupokezana pande, pembe ziwe za mwisho. Ukianza pembeni, utapata mikunjo ambayo hakuna jeso inayoificha.

Rangi ya ukutani badala ya jeso? Kwa mazoezi, ndiyo, mradi iwe rangi ya maji ya ubora mzuri, isiyo na mng'ao. Ile ya bei ya chini huacha unga ukiipitisha kidole, na chochote utakachopaka juu yake kitakuwa kimekaa juu ya unga.

Nibebe nini ninapokwenda nje?

Bodi mbili, si moja, kwa sababu mwanga hubadilika na picha ya kwanza hufungwa hata kama haijakamilika. Brashi nne: bapa ya sentimita 4, bapa ya sentimita 2, ya mviringo ya wastani, na moja nyembamba ambayo hutaigusa hadi robo saa ya mwisho. Kisu cha rangi. Maji lita 2, nusu ya kunywa. Chupa ya kupulizia. Matambara ya pamba. Kofia yenye ukingo mpana. Mwavuli mweupe au wa kijivu. Ule wa bluu au mwekundu hutupa rangi yake juu ya bodi, na hutagundua hadi ufike nyumbani. Kamba ya mita 2 ya kuning'inizia jiwe chini ya stendi, hasa ufukweni wakati wa kusi.

Vaa nguo isiyo na rangi kali pia. Shati jekundu huakisi kwenye rangi mbichi kama mwavuli.

Saa gani ni nzuri?

Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi, na kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni. Katikati ya hapo jua liko juu mno: vivuli vimejikunja chini ya miti, vilima vimepoteza umbo, na kila kitu kina mwanga uleule. Tuko karibu na ikweta, jua hushuka wima, kwa hiyo ile rangi ya dhahabu ya jioni ni ya muda mfupi. Ukiisubiri ianze ndipo ufungue tyubu, umechelewa. Andaa picha nzima mapema, acha nafasi ya mwanga tu.

Majira nayo yana kazi yake. Kwa aliyeko Moshi akitazama mlima, yaani kaskazini, jua la mchana la Juni liko mbele yake upande wa mlima na vivuli vinamjia. La Desemba liko mgongoni na vivuli vinakwenda mbali naye. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita karibu utosini. Ndiyo maana picha ya Juni na ya Desemba, mahali palepale, saa ileile, hazifanani, na mchoraji anayechanganya vivuli vya miezi hiyo miwili kwenye bodi moja hutoa picha ambayo mtazamaji anaiona ina kasoro bila kujua kasoro ni ipi.

Kwa nini Kilimanjaro yangu haifanani na Kilimanjaro?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu karibu kila mara ni zilezile tatu.

Ya kwanza ni urefu. Mlima una mita 5,895, na akili inataka kuuchora mrefu. Lakini ukiwa Moshi mjini, kilele kiko umbali wa kilomita 30 hivi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, fumba jicho moja: kutoka usawa wa mji hadi kilele ni kama urefu wa ngumi moja tu. Kutoka Kibo hadi Mawenzi, kwa upana, ni kama ngumi mbili. Pima hivyo kabla ya kugusa rangi. Wanaoanza huuchora mara mbili ya kimo chake, kisha wanashangaa kwa nini unaonekana kama kilima cha karibu. Ukubwa wa mlima huu unaonekana kwenye upana, kwenye mteremko mrefu unaoanza mbali kushoto na kuishia mbali kulia, si kwenye ncha.

Ya pili ni upande. Ukiwa Moshi, Mawenzi iko kulia kwa Kibo. Ukiwa Amboseli, Kenya, iko kushoto. Picha nyingi za kalenda, zile za tembo na migunga mbele ya mlima, zimepigwa upande wa Amboseli. Mtu akichukua mlima wa kalenda na kuweka mbele yake migomba ya Kibosho au Marangu, amechora mahali ambapo hapapo. Mchagga yeyote ataliona kosa hilo kabla hajasogea karibu. Kumbuka pia kwamba Mawenzi, mita 5,149, imechongoka na kumeguka, haina barafu ya kudumu, wakati Kibo ni kuba pana. Usiwape sura moja.

Ya tatu ni tabaka. Mlima hauna rangi moja kutoka chini hadi juu. Kwanza vihamba vya migomba na kahawa, kijani chenye joto. Juu yake msitu, giza lenye ubuluu, kuanzia mita 1,800 hivi hadi 2,800. Kisha eneo la vichaka vifupi, rangi ya kijivu yenye kijani kidogo. Kuanzia mita 4,000 ni jangwa la mawe, zambarau na kahawia iliyofifia. Ndipo barafu. Ukiwa Moshi, tabaka hizi unaziona kama mikanda yenye tofauti ndogo sana, na ustadi wote uko kwenye udogo wa tofauti hiyo. Changanya rangi ya msitu kwanza, kisha toa nyingine kutoka kwenye fungu hilohilo kwa kuongeza nyeupe na siena kidogo kidogo. Ukichanganya kila mkanda upya, mlima utakatika vipande.

Mawingu huufunika mlima mara nyingi ifikapo saa 3 au saa 4 asubuhi, na hufunguka tena kuelekea jioni. Chora mstari wa juu wa mlima mara tu unapofika. Mengine yanaweza kusubiri.

Barafu niichore kiasi gani, na kwa rangi gani?

Kiasi kilichopo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Kofia nyeupe iliyofunika kuba lote ni mlima wa babu zetu, au ni theluji mpya ya baada ya mvua ambayo huyeyuka baada ya siku chache. Zote mbili ni halali kuchorwa, mradi ujue unachora ipi. Andika tarehe nyuma ya picha. Picha za mlima huu zilizochorwa kwa uaminifu na kuwekwa tarehe zitakuwa ushahidi kwa watoto wetu, na hilo pekee linatosha kumfanya mchoraji asidanganye.

Kwa rangi: nyeupe tupu usiitumie ila kwenye sehemu moja, ile inayopigwa na jua moja kwa moja. Barafu ya asubuhi ni nyeupe yenye chembe ya manjano ya udongo na chembe ya PV19. Sehemu ya kivuli ni nyeupe, ultramarini, na siena kidogo ili ubuluu usipige kelele. Ukiona barafu haing'ai, usiongeze nyeupe. Shusha anga iliyo nyuma yake iwe nzito kidogo.

Kijani changu kinaonekana cha plastiki. Nifanye nini?

Acha kutumia kijani cha tyubu bila kukichanganya, na jifunze vijani vinne vya eneo hili.

Mgomba: manjano angavu na chembe ya thalo, kisha siena chembe moja. Jani la mgomba hupitisha mwanga, kwa hiyo likiwa kati yako na jua ni la njano zaidi, na likipigwa jua upande wako huwa na mng'ao wa kijivu-buluu wa anga. Jani moja, rangi mbili.

Mkonge: ultramarini, manjano ya udongo, nyeupe nyingi. Ni kijani cha kijivu na baridi. Mistari ya shamba hukutana mbali, na kosa kubwa ni kuchora kila mkonge. Chora minne au mitano ya mbele kwa uangalifu, majani yakitoka katikati kwa pembe tofauti, kisha iliyobaki iwe mistari inayobana na kupauka. Ule mti wa ua unaochomoza mita 5 au zaidi ni zawadi: mmoja au miwili inavunja ulalo wa tambarare.

Chai na msitu wa Usambara: ultramarini na manjano angavu kwa chai, yenye mwanga juu ya vichaka vilivyokatwa sawa, ultramarini, siena na manjano ya udongo kwa msitu. Msitu huo uanze na giza, mwanga uje baadaye kwa mapigo machache.

Mkoko: manjano ya udongo, ultramarini, siena, karibu hakuna nyeupe. Kijani kizito cha mzeituni.

Jaribio rahisi: weka kijani chako kwenye ncha ya kisu, kinyanyue mbele ya mti wenyewe, ufumbe macho nusu. Kikionekana kinawaka kuliko mti, ongeza siena. Karibu kila mara kinawaka.

Na udongo mwekundu wa Same na Pare?

Siena, manjano ya udongo, nyeupe, na kwa sehemu ya karibu chembe ya PV19. Angalia chini ya majani na matumbo ya ng'ombe: udongo huakisi wekundu wake juu. Wakati wa kiangazi vumbi hupanda hadi anga ya upeo, kwa hiyo kule chini anga si buluu, ni maziwa yenye manjano ya udongo. Milima ya Pare iliyo mbali huwa zambarau iliyofifia. Baada ya mvua vumbi hulala, na milima hiyohiyo huwa buluu kali na huonekana imesogea karibu. Kilichobadilika ni hewa, na ndiyo unayoichora.

Ukungu wa Usambara nauchoraje bila picha kuwa nyeupe yote?

Kwa kuweka kitu kimoja chenye giza mbele. Ukiwa Lushoto au Amani asubuhi, chagua mti mmoja au ukingo wa barabara uliopo mita 20 kutoka kwako, uchore kwa giza kamili. Kisha gawa vilivyobaki katika vina vitatu, kila kimoja kikiwa na nusu ya tofauti ya kile kilichotangulia. Kina cha mwisho kiachane na anga kwa tofauti ndogo ambayo unaiona tu ukifumba macho nusu. Kingo za juu za vilima ziwe wazi, za chini zilainishwe: ukungu hukaa mabondeni. Wengi hufanya kinyume, wakalainisha kilele na kuacha bonde kali.

Kwa rangi za maji, lowesha karatasi ya gramu 300, subiri mng'ao wa maji upungue lakini karatasi iwe baridi mkononi, ndipo uweke rangi. Ukiweka mapema inatawanyika kabisa. Ukichelewa unapata doa lenye ukingo mgumu. Hewa ya huko ina maji mengi, kwa hiyo kusubiri ni kurefu kuliko ulivyozoea.

Bahari inanikimbia ninapoichora. Nipange vipi?

Anza na mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inafika mita 3 hadi 4. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hufika chini kabisa majira ya saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na kujaa majira ya saa 10 jioni. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukitaka kuchora mashua zimelala ubavu kwenye tope la Tanga na mizizi ya mikoko iko wazi, nenda asubuhi ya bamvua. Ukitaka maji yamefika kwenye majani ya mikoko, nenda jioni yake. Ukitaka maji yasibadilike sana wakati unachora, subiri maji mafu.

Siku ya bamvua, ndani ya saa moja ukingo wa maji unaweza kuondoka kabisa mahali ulipouchora. Uchore ndani ya dakika tano za kwanza, kisha usiubadilishe hata maji yakikuacha. Mchoraji anayefukuza maji huishia na ufukwe wenye mistari mitatu na mashua inayoelea juu ya mchanga.

Mikoko nayo itofautishe. Mkoko wenyewe una mizizi ya upinde inayoshuka kutoka shinani. Mchu una mizizi midogo iliyosimama wima kutoka kwenye tope, na majani yake kwa chini ni ya kijivu, kwa hiyo upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi. Mlilana ndio husimama mbele, upande wa bahari. Mahali palipokatwa mikoko usipajaze kwa kubuni. Visiki ni sehemu ya mandhari.

Mdomoni mwa mto Pangani, maji ya mto hutoka na udongo na kukutana na bahari. Kuna mstari. Upande mmoja siena na manjano ya udongo, upande mwingine kijani cha thalo kilichofifishwa. Usiuchanganye ukawa laini, kwa sababu mara nyingi mstari huo unaonekana wazi.

Saa mbili za kuchora nje nizigawe vipi?

Kwa bodi ya sentimita 30 kwa 40:

Dakika 10 tazama tu, kwa kidirisha cha karatasi ngumu chenye tundu la sentimita 6 kwa 8, ambalo lina uwiano uleule wa bodi. Dakika 10 chora vijichoro vitatu kwa penseli, vya ukubwa wa kibiriti, kwa tani tatu pekee: giza, kati, mwanga. Chagua kimoja. Dakika 15 hamishia kwenye bodi kwa brashi na siena iliyoyeyushwa. Dakika 25 weka giza na vivuli vyote, maana ndivyo vinavyokimbia kwanza. Dakika 20 anga. Dakika 25 sehemu za kati. Pumzika, rudi nyuma hatua sita, tazama. Robo saa ya mwisho ni ya mwanga mkali na brashi nyembamba.

Bodi iwe kivulini muda wote. Bodi ikipigwa jua inang'aa, wewe unachanganya rangi nzito ili kuituliza, na ukifika ndani ya nyumba picha ni giza tupu.

Akriliki inakauka kwenye paleti kabla sijaitumia.

Chukua kontena bapa la plastiki lenye mfuniko. Tandika tishu za jikoni tabaka tatu, zilowe lakini maji yasisimame. Juu yake weka karatasi ya kuokea. Rangi ikae hapo. Maji hupenya taratibu kutoka chini na rangi hukaa mbichi siku nzima, na ukifunika, hadi kesho. Usipulizie maji juu ya rangi kila dakika: inakuwa nyepesi na haishiki tena.

Kwenye baridi ni kinyume. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi akriliki haiungani vizuri, inakauka lakini inabaki dhaifu. Ukipanda mlimani hadi kwenye vibanda vya juu, chukua penseli na rangi za maji.

Naweza kuchora kutoka picha ya simu?

Kwa umbo, ndiyo. Kwa rangi, hapana. Simu hufanya vivuli kuwa vyeusi au kuvipandisha kupita kiasi, huongeza ubuluu wa anga, na lenzi yake pana huusogeza mlima mbali na kuupunguza. Piga picha, lakini papo hapo paka vidoa sita vya rangi kwenye kadi: anga juu, anga chini, mlima, kijani cha karibu, udongo, kivuli. Kadi hiyo ina faida kuliko picha hamsini.

Kwa nini picha yangu imepasuka au kubanduka?

Kwa rangi za mafuta, tabaka la juu lilikauka kabla ya la chini. Tabaka la kwanza liyeyushwe kwa tapentaini, la pili liwe rangi jinsi ilivyo kwenye tyubu, la tatu tu ndilo liongezwe mafuta ya kitani, matone 2 au 3 kwa fungu la ukubwa wa karanga. Kwa akriliki, chanzo huwa ni chini: mng'ao usiopigwa msasa, vumbi, au rangi ya mafuta. Mafuta juu ya akriliki yanashika. Akriliki juu ya mafuta haishiki kamwe.

Picha imeota ukungu kwenye nyumba ya pwani. Je, inaokoka?

Mara nyingi, ikiwa ni akriliki au mafuta iliyokauka. Itoe nje kivulini, penye upepo, ukungu ukauke kwanza. Kisha uondoe kwa brashi laini kavu, picha ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke nje, nawe umevaa barakoa. Usisugue ukungu mbichi, unausukuma ndani. Karatasi yenye madoa ya kahawia mpelekee mtaalamu, usijaribu dawa ya kufulia.

Kinga ni hii: usitundike kwenye ukuta unaopigwa mvua kwa nje wala unaopakana na bafu. Bandika vipande vya koki vya milimita 5 nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite. Picha ya karatasi iwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na kioo. Kagua nyuma ya fremu kila baada ya miezi mitatu. Unga mwembamba wa mbao sakafuni ni bungua, na fremu hiyo itolewe nyumbani siku hiyo hiyo. Kanvasi ikilegea, gonga kabari za pembeni kidogo kidogo, kila moja kwa zamu.

Naikunjaje kanvasi ili niisafirishe?

Upande wenye rangi uwe nje, si ndani. Weka karatasi ya kuokea juu yake, izungushe kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, lingine kubwa zaidi liifunike. Ukiikunja rangi ikiwa ndani inajibana na kumenyeka. Picha ya mafuta isiyofikisha miezi sita, au yenye rangi nene, isikunjwe kabisa.

Nikiuza picha, mnunuzi anaweza kuichapisha kwenye kalenda?

Hapana, isipokuwa mmekubaliana kwa maandishi. Anayenunua picha anamiliki kitu chenyewe. Hakimiliki inabaki kwako. Andika hivyo kwenye risiti, pamoja na jina la picha, vipimo, aina ya rangi, mahali na tarehe. Piga picha nzuri ya kazi kabla haijaondoka. Kwa Tanzania, usajili wa kazi hufanyika COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa Kenya, KECOBO.

Maji machafu ya rangi niyamwage wapi?

Si mtoni, si baharini, si kwenye mfereji wa kumwagilia vihamba. Maji ya akriliki yaache kwenye ndoo usiku mzima, rangi itazama. Mimina maji ya juu polepole kwenye udongo mbali na kisima, mashapo yaache yakauke uyatupe kama taka ngumu. Futa brashi kwa tambara kabla ya kuiosha, utapunguza rangi nyingi inayoingia kwenye maji. Tapentaini iliyotumika iache itulie kwenye chupa ya kioo, uitumie tena ile safi ya juu.

Matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe wala kurundikwa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yakakamae, au yazamishe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.